Mfumo mpya ukiletwa kazini, uliza uamuzi unabaki kwa nani

Nilipokea simu za wateja kwa miaka mitatu hapa Dar es Salaam, kwenye kampuni ya malipo kwa simu. Mwaka wa kwanza nilipokea simu hadi koo linakauka, lakini nikifika nyumbani nalala fofofo. Usingizi ulipotea mwaka wa pili, tulipoletewa mfumo mpya.

Juu ya skrini kulikuwa na saa inayohesabu muda wa kila simu. Dakika nne zikipita inageuka nyekundu, na msimamizi anaiona kwake. Ukimaliza simu unapewa sekunde kumi, kisha nyingine inaingia yenyewe, uwe umeshaandika maelezo ya mteja au hujaandika. Hata kwenda msalani ulibonyeza kitufe kinachohesabu.

Siku moja akapiga mama wa Songea. Ada ya mjukuu wake ilikuwa imeingia kwenye namba ya mtu mwingine. Nikamwomba anisomee namba ya muamala. "Subiri mwanangu, nitafute miwani." Nikamsikia akivuta droo, akimwita mtoto amsaidie. Macho yangu yako kwenye saa. Ilipogeuka nyekundu nikamwambia, "Mama, piga tena ukiwa tayari," nikakata. Ile pesa ningeweza kuizuia kabla haijatolewa. Mpaka leo inaniuma.

Baadaye nilisoma utafiti wa Robert Karasek, mtaalamu wa mambo ya kazi, wa mwaka 1979, uliotumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden. Anasema kinachomchosha mtu akili zaidi ni kazi nyingi zikikutana na kukosa kauli juu ya namna ya kuzifanya. Nilijiona humo. Mwaka 1951, watafiti Eric Trist na Ken Bamforth walikuwa wameandika jambo linalofanana na hilo kuhusu machimbo ya makaa ya mawe Uingereza: njia mpya ya kuchimba kwa mitambo ilivunja vikundi vidogo vilivyozoea kujipangia kazi, kila mtu akabaki na kipande chake na zamu yake. Bamforth alikuwa mchimbaji kabla ya kuwa mtafiti, na naamini ndiyo maana aliyaona.

Kwa hiyo, ukibanwa na mfumo, usianze kwa kulalamika kwamba ni mbaya. Meneja ameshaulipia, atautetea. Sisi tulichukua daftari, na kwa wiki mbili kila mmoja akaandika wateja waliopiga tena kwa sababu tuliwakata mapema. Kurasa zilijaa. Tukampelekea meneja daftari pamoja na ombi moja tu: mhudumu apewe kitufe cha kusimamisha saa anapoona mteja anahitaji muda. Hatukuomba saa iondolewe. Watu wa kompyuta walikiwasha mchana mmoja. Kitufe kilikuwemo kwenye mfumo tangu siku ya kwanza, ila aliyeupanga alikizima.

Nendeni wengi, tafadhali. Mtu mmoja akienda peke yake ataambiwa hawezi kasi ya kazi.

Na wewe unayenunua mifumo hii, kabla hujasaini mkataba vaa hedifoni asubuhi moja, ukae kwenye kiti cha mhudumu na saa ikiwa imewashwa. Pokea simu kumi. Halafu muulize aliyekaa pembeni yako ni vitufe gani angependa viachwe mikononi mwake.