Unaishi bondeni? Usiangalie mawingu, angalia mto

Masika ikikolea, watu wengi wa mabondeni hapa Dar es Salaam hutazama juu. Mvua ikikatika wanashusha pumzi na kurudi kulala. Nimeishi Kigogo miaka mingi, na nawaomba sana ndugu zangu: tazameni mto. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakuja mpaka kwetu Kigogo, unashuka Jangwani na kumwaga maji baharini pale Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha kule juu usiku, huku chini maji yanaweza kuja nyota zikiwa zinaonekana.

Dalili zipo. Maji yanageuka rangi ya udongo, chupa na magogo yanaanza kushuka kwa wingi, kisha unasikia mngurumo. Kalavati likizibwa na magodoro na takataka, mto unatafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni uani kwako. Mtaani kwetu tumepiga alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo karibu zaidi na mto. Maji yakiigusa, anayekesha zamu anapiga filimbi na watu wanatoka. Hapo hakuna mjadala, na hakuna kurudia friji.

Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya mtoto, mkataba wa pango na dawa za mgonjwa viweke mapema kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Ndoo ina mpini, unaibeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Umeme uzimwe kwenye meinswichi kabla maji hayajaingia ndani. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse. Na usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanaishia magotini. Yanamwangusha mtu mzima, tena huoni shimo la choo lililofunuka chini yake.

Hilo la vyoo linaniuma kuliko yote. Mvua ikianza, wapo wanaotapisha vyoo ili mafuriko yabebe uchafu. Unabebwa kwenda wapi? Unaingia kwenye kisima cha jirani na kwenye sufuria zake, na kipindupindu hakiulizi nani alifungulia. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe, na sisi majirani tukemee waziwazi. Maji yakishapungua, chemsha yote ya kunywa, na unga ulioguswa na mafuriko utupe hata kama gunia linaonekana kavu kwa juu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande. Wapo waliorudi bondeni. Siwezi kuwasimanga, maana Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na anayeuza mchicha au kubeba mizigo hawezi kumaliza mapato ya siku kwenye nauli. Lakini kama huwezi kuhama, basi uwe na pa kukimbilia. Tafuta ndugu au rafiki anayekaa mwinuko, zungumza naye jua likiwaka, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, wazee na watoto walale kwake tangu jioni. Mpelekee na kilo mbili tatu za mchele, wasimwelemee.