Turubai au vitabu: barua kwa mwanangu

Goma

Mwanangu mpendwa,

Swali lako kutoka Lubumbashi limenifikia: je, si aibu shirika lenu kununua vitabu wakati watu wa kambini wanalala juu ya mawe ya volkano, chini ya turubai lililochanika?

Upande mmoja nakubaliana nawe. Mwaka 1994, kipindupindu kilipowaangukia wakimbizi hapa Goma, hakuna aliyehitaji kitabu. Walihitaji maji safi, nao walikufa kwa maelfu. Maji hutangulia. Lakini kambi haivunjwi baada ya wiki moja, na mtu akishateka maji asubuhi, mchana mzima humbakia mikononi hana la kuufanyia.

Tulipoikimbia lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, tukavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, mama yako alikuwa amefunga kamusi yangu ya Kifaransa ndani ya kitenge, pamoja na nguo zenu, nami nikamgombeza kwa sababu ya uzito wake. Usiku wa pili, mtoto wa jirani akaiomba, akaanza kusoma kwa sauti maneno ya herufi M, na watu wazima, ambao tangu jana walikuwa wakihesabu nyumba zilizozama, wakaanza kubishana kuhusu maana zake. Walibishana, mwanangu, hata mmoja akacheka.

Bibliothèques Sans Frontières (yaani Maktaba Bila Mipaka), shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2007, lilifanya kazi hiyo ya kuwafikishia vitabu waliokumbwa na maafa huko Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mwaka 2014 likapeleka Burundi, katika kambi za Wakongomani kama Kavumu na Bwagiriza, maktaba inayokunjwa ndani ya masanduku, yenye vitabu, tableti na jenereta yake, ambayo hufunguliwa kwa muda usiozidi dakika 20.

Ila chagueni vizuri. Shuleni kwetu tuliwahi kuletewa makatoni ya vitabu vya sheria za kodi za nchi ya mbali. Akina mama wa sokoni walivifungia maandazi.

Kwa hiyo msiondoe hata turubai moja katika orodha yenu. Ongezeni hadithi za Kiswahili, vitabu vya darasa la sita, kwa kuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi haungoji vita viishe, na taa za sola za kusomea usiku. Kamusi ningali nayo, ingawa kurasa za herufi Z zimeng'oka.

Baba yako