Kwa nini unapima sifuri Januari

Ndugu yangu, unasema kwenye mashindano ya kuvua samaki kwa ndoano majira ya baridi huko Uingereza unamwaga majini funza wa chambo kopo zima kama ulivyofanya Julai, na mizani inasoma sifuri. Tatizo ni hilo kopo. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakifika nyuzi 4 au 5, hasagi chakula haraka, na akishiba basi siku yako imekwisha. Tupia funza 4 au 5, ngoja boya lizame samaki anapovuta, ndipo uongeze.

Kabla ya yote pima kina. Maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, hukaa chini, kwa hiyo barafu ikianza kushika juu, joto kidogo lililobaki liko kwenye kina. Maji ya msimu huo pia huwa maangavu: kipande cha mwisho cha mshipi kiwe na unene wa milimita 0.10 hivi, ndoano ndogo, namba 20.

Wenzako watakuambia umsubiri karpi (aina ya samaki mnene wa mabwawa) mmoja mkubwa. Mimi ningeanza na samaki wadogo, karpi nimwachie saa ya mwisho. Kura ya kugawa sehemu za kuvulia ikikutupa nafasi mbaya, hilo halina dawa.