Kwa Mnaoanza Kuisaidia Kamati ya Bunge Inayosimamia Ujasusi

Ninyi mnaoingia sasa katika sekretarieti ya kamati ya Bunge inayosimamia vyombo vya ujasusi mtaambiwa mapema kwamba ugumu wa kazi hii ni siri. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuwaandalia wabunge maswali, naona ugumu ulio mkubwa zaidi ni kwamba anayesimamiwa ndiye anayeamua msimamizi wake aone nini.

Siri ina haki yake. Jina la mtoa habari likivuja, mtu anaweza kuuawa, na kamati isiyoweza kulitunza haistahili kuaminiwa. Lakini tafsiri ya sheria inayoipa idara mamlaka, na jumla ya fedha inazotumia, ni mambo ya wananchi. Marekani iliificha jumla ya bajeti yake ya ujasusi kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1997 ilipotangaza dola bilioni 26.6, na tarakimu hiyo peke yake, kwa maoni yangu, haikumfunulia adui chochote cha maana. Kila mnapopokea waraka wenye mhuri wa siri, jiulizeni mhuri huo unamlinda mtu aliye hatarini au unamkinga ofisa asiulizwe.

Kazi yenu kubwa itakuwa kutunga maswali. Mkurugenzi akiulizwa kama idara yake inafuata sheria, atajibu ndiyo, wala hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa tafsiri ya sheria anayoitumia nayo imefungiwa kabatini. Mwulizeni ni kifungu kipi kinachotumika, nani alitia saini idhini, ni maombi mangapi yalikataliwa mwaka uliopita, na taarifa zilizokusanywa hufutwa baada ya muda gani.

Hata swali zuri halitoshi. Tarehe 12 Machi 2013, Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Marekani, kama NSA, shirika la nchi hiyo linalonasa mawasiliano, linakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani. Swali lilikuwa limepelekwa ofisini kwa Clapper siku moja kabla, naye akajibu hapana, kisha akaongeza kwamba shirika halifanyi hivyo kwa kukusudia. Wyden, akiwa mjumbe wa kamati ya ujasusi, alijua kuwa jibu hilo si sahihi, lakini kiapo cha siri kilimzuia kueleza sababu hadharani. Mwezi Juni mwaka huohuo nyaraka za NSA zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyefanya kazi huko kupitia kampuni ya mkandarasi, zikachapishwa na kuonyesha kuwa taarifa hizo zilikuwa zikikusanywa, na Clapper akaiandikia kamati kwamba jibu lake lilikuwa na makosa ya wazi. Wananchi wakawa wameupata ukweli kupitia magazeti, ilhali wawakilishi wao walikuwa nao tayari. Kwa hiyo kanuni za kamati zieleze mapema mbunge afanye nini anaposikia hadharani jibu analojua kuwa si la kweli: amwandikie nani, ndani ya siku ngapi, na nani ana mamlaka ya kuagiza sahihisho litolewe hadharani.

Kuhusu nyaraka, ombeni za awali, wala msiridhike na muhtasari ulioandaliwa kwa ajili yenu. Wafanyakazi wa kamati ya Seneti ya Marekani waliochunguza mateso ya washukiwa wa ugaidi yaliyofanywa na CIA, shirika la ujasusi wa nje la nchi hiyo, walipitia zaidi ya kurasa milioni 6, na ripoti yao kamili ilizidi kurasa 6,000. Muhtasari wake ulitolewa Desemba 2014. Walifanyia kazi hiyo katika jengo lililoandaliwa na CIA, na mwaka 2014 mkaguzi wa ndani wa shirika hilo alithibitisha kuwa watumishi wake waliingia isivyostahili katika sehemu ya mtandao iliyotengewa kamati. Kompyuta za kamati na funguo za chumba cha nyaraka ziwe mikononi mwa Bunge.

Mtasikia pia kwamba habari fulani imetoka idara ya nchi nyingine, hivyo haiwezi kuonyeshwa bila ridhaa yake. Mara nyingi ni kweli. Ulizeni tu ridhaa hiyo iliombwa lini na kwa barua gani.

Vikao vya faragha viandikiwe kumbukumbu kamili, hasa ahadi. Ofisa anaposema kuwa atarudi na jibu, andikeni tarehe palepale mbele yake, kisha mfungue kikao kinachofuata kwa orodha ya ahadi zilizopitwa na muda.

La mwisho ni uchapishaji. Kamati ya ujasusi ya Bunge la Uingereza ilimpelekea Waziri Mkuu ripoti yake kuhusu Urusi mwezi Oktoba 2019, na wananchi wakaisoma Julai 2020, baada ya uchaguzi mkuu kupita. Hadidu za rejea za kila uchunguzi zitaje idadi ya siku ambazo serikali inaruhusiwa kukaa na ripoti, na ziitake itoe sababu ya maandishi kwa kila aya inayoomba ifutwe.