Muulize Fundi: Visu vyangu vinaitwa "vya kienyeji"

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka wa nne nafua visu kwa springi za gari hapa Majengo, Moshi. Wateja wanataka nishuke hadi bei ya kisu cha dukani. Nitatambulikaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Achana kwanza na nakshi za mpini. Marekani kuna chama, American Bladesmith Society, tangu 1976. Anayetahiniwa ngazi ya kwanza hukata kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, hukatakata ubao mara mbili, kisha makali yaleyale lazima yanyoe nywele. Mwisho kisu hubanwa kwenye jiriwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika.

Jaribu hayo mbele ya wenye bucha. Changu cha kwanza, hapa Mamba, kilikatika kama biskuti! Nilikuwa nimekizima, yaani kukitumbukiza kikiwa chekundu kwa moto, kwenye maji. Springi inataka mafuta, halafu kupashwa tena joto dogo, kama nyuzi 200 za Selsiasi, kwa saa mbili.

Piga chapa yako kwenye kila bapa. Kikirudi na pengo, kinoe bure. Mwenye bucha mmoja wa Marangu Mtoni aliniletea wenzake saba kwa hilo tu. Bei usishushe.