Uliza Ujibiwe: Mitaa isiyo na nyumba Los Angeles

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwezi wa sita nilikwenda Marekani kumtembelea dada yangu. Siku ya kurudi, ndege ilipopaa Los Angeles, nikachungulia dirishani. Kabla hatujafika juu ya bahari nikaona mitaa imechorwa vizuri kabisa, kona zake, miti kama minazi, lakini nyumba hakuna hata moja. Jirani yangu ndegeni akasema ni kambi ya jeshi ya zamani. Dada anasema bahari ilipanda ikazoa watu. Pale pana nini? – J.M., Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosa, ila siwacheki. Mimi mwenyewe niliendesha basi dogo la hoteli kwenda uwanja ule wa ndege kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza wote nilidhani ni viwanja vya tajiri aliyefilisika. Pale palikuwa na kitongoji cha watu, jina lake Surfridge.

Viwanja vilianza kuuzwa miaka ya 1920, juu ya vilima vya mchanga vinavyoitazama Pasifiki. Wauzaji walikuwa kampuni ya Dickinson & Gillespie. Jina lilipatikana kwa shindano mwaka 1925, na aliyelibuni akapewa dola 1,000. Neno moja, dola elfu, na dola ya enzi hizo! Mnunuzi aliwekewa masharti: kuta za nje ziwe za matofali, mawe au plasta, mbao marufuku. Na lilikuwepo sharti jingine, limeandikwa waziwazi: asiye mzungu haruhusiwi kuishi pale, isipokuwa awe mtumishi. Kwa hiyo mimi na wewe tungeingia Surfridge tukiwa na ufagio mkononi. Nalitaja mapema kwa kuwa habari nyingi za kitongoji hiki zimeandikwa kwa majonzi matupu, na sharti hilo hupitwa kwa sentensi moja, kama lipo.

Sasa, nyuma ya vilima hivyo palikuwa na mashamba. Mwaka 1928 jiji lilikodi sehemu yake likafanya kiwanja cha ndege, kikaitwa Mines Field, kwa jina la dalali wa ardhi, William Mines. Ndicho uwanja wa ndege wa Los Angeles wa leo. Ndege za wakati ule zilikuwa za panga boi, nyepesi, chache. Mambo yalibadilika Januari 1959, American Airlines ilipoanza safari za Boeing 707 kati ya Los Angeles na New York. Hiyo ni ndege ya jeti. Na pale upepo hutoka baharini, kwa hiyo ndege hupaa kuelekea magharibi, yaani juu ya mapaa ya Surfridge, ikiwa bado chini na injini zimekazwa hadi mwisho.

Ukitaka kujua maana yake, shuka ufukweni chini ya vilima, panaitwa Dockweiler. Pana mashimo ya saruji ya kukokea moto, na sisi Waswahili wachache wa huko tulikuwa tukichoma kuku pale Jumamosi jioni. Mtu yuko katikati ya hadithi, ndege inatokea, anaacha mdomo wazi na neno mdomoni. Tunangoja. Mkaa unatetemeka. Ndege ikishaingia baharini anamalizia neno lake palepale alipoliachia, bila kurudia sentensi. Jamaa mmoja wa Mombasa alikuwa fundi wa jambo hilo. Alikuwa akivunja utani kwa makusudi akiona taa za ndege zinakuja, ili kicheko kingoje. Sisi ilikuwa saa tatu za jioni, tena kwa hiari. Wao, watu wa Surfridge, walikuwa wamelala hapo, wana watoto wachanga hapo.

Malalamiko na kesi zikaongezeka, na uwanja nao ulikuwa unapanuka. Kuanzia miaka ya 1960 jiji likaanza kununua nyumba moja baada ya nyingine. Aliyegoma kuuza alibanwa na sheria ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma. Nyumba 800 hivi ziliondoka. Nyingine zilipakiwa kwenye matrela zikaenda kusimikwa kwingine, nyingi zikabomolewa. Katikati ya miaka ya 1970 hapakuwa na mtu.

Na hapa ndipo watu wengi hukosea, hata madereva wenzangu: wanadhani kitongoji kiliondolewa ili ijengwe njia ya kurukia. Kwetu Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ndivyo ilivyokuwa, watu walihamishiwa Pugu kwa sababu ardhi yenyewe ilitakiwa. Surfridge haikujengwa njia ya ndege. Walihamishwa kwa ajili ya kelele. Ndiyo maana ulichokiona dirishani ni lami, kingo za barabara na miti ya bustani za watu: hakuna aliyekuwa na haja ya kuviondoa. Baadaye sana baadhi ya lami iling'olewa ili mchanga urudi.

Baadaye lilikuja wazo la kuweka uwanja wa gofu. Likakwamishwa na kipepeo. Ni wa buluu, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na mwaka 1976 serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga mayai kwenye kichaka cha aina moja tu kinachoota kwenye vilima hivyo, na viwavi wake hulindwa na sisimizi, ambao hulipwa utamu unaotoka mwilini mwa kiwavi. Ekari kama 200 zimetengwa kwa ajili yake, na uwanja wa ndege ndio unaogharamia kung'oa magugu. Kelele hazimsumbui.

Ukirudi kwa dada, mwambie akupitishe barabara ya Vista del Mar mchana, mwende polepole. Pana uzio, msijaribu kuuruka, walinzi wapo. Mimi gari lilipopata pancha pale nilipata muda wa kutazama: palikuwa na ngazi za saruji, vidaraja vitano, na miti miwili kama minazi imesimama kushoto na kulia kwake, kama ilivyopandwa kupamba mlango. Kidaraja cha juu kilikuwa kimejaa mchanga.