Maswali yenu: Rafu kwanza, mtambo baadaye

Wiki hii tena wengi mmeuliza "ninunue mashine gani?" bila kusema mnauza nini wala kiasi gani. Hao siwajibu.

Natengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi hapa Ngamiani. Sufuria langu linatoa vipande 50, nauza 200 kwa wiki. Duka la Dar linataka 1,000 kwa wiki. Ninunue mtambo wa kukorogea?

Usinunue, mama. Sufuria nne kwa siku, siku tano, 1,000 hiyo hapo. Siku ya sita iache kwa ajili ya vitakavyoharibika.

Kitakachokuelemea hukukiuliza: rafu za kukaushia. Sabuni ya kukoroga bila kupika hukauka kama wiki nne. Wiki nne mara 1,000 ni vipande 4,000 vimelala ndani kwako kwa wakati mmoja. Utaviweka wapi, uvunguni? Pesa ya mtambo mpelekee fundi seremala.

Tena, madoa ya mafuta yaliyochacha hayaonekani siku ya kukoroga, huja baada ya wiki kadhaa. Kwenye sufuria umepoteza 50. Kwenye mtambo umepoteza oda na mteja. Kila trei iandike tarehe, pipa la mafuta na jina la aliyekoroga, ili doa likitokea ujue pa kuanzia. Na usibadili mafuta na kipimo cha mwani vyote wiki moja!

Kaizeni, huku kuboresha kazi kidogo kidogo kwa Kijapani, si mambo ya Toyota? Sisi wa mtaani inatuhusu nini?

Hospitali zetu zimeianza tangu 2007, Mbeya ikiwa ya kwanza, na hazitengenezi magari.

Nimenunua mashine ya kujazia juisi ya machungwa, bado oda zinachelewa. Nahitaji chupa 140 kwa siku. Kuna kijana mmoja wa mashine, na binti anayepangusa chupa, anabandika lebo kwa gundi na kuandika tarehe, kama dakika tano kila moja.

Umejijibu mwenyewe. Saa nane za kazi, toa chai, chakula na swala, zinabaki saba: dakika 420. Gawa kwa 140, kila dakika tatu chupa moja iwe imekamilika. Binti yako anatoa 84. Kiwanda chako kina kasi ya brashi ya gundi, hata ukiongeza mashine tatu. Kijana wa mashine akishatangulia, aizime akapanguse chupa na kuandika tarehe. Najua inauma kuona mashine ya mkopo imezimwa, lakini chupa zisizo na lebo hazilipi mkopo.

Unasema tusirundike mali. Mimi nafanya achari ya embe, na embe zina msimu. Nifunge duka?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote niliyopata mwezi huu. Rundika, lakini rundika mahali panapofaa. Msimu ukifika loweka embe kwenye chumvi, mapipa yafunikwe vizuri, zitakaa miezi. Pilipili, viungo, chupa na lebo visubiri oda. Embe ya chumvi bado inaweza kuwa achari kali au tamu, chupa ndogo au kubwa. Ukishaijaza yote kwenye chupa za nusu lita, hoteli ikitaka vikopo vidogo utafanya nini? Ila kabla ya kubadili mapishi ili kumpendeza mteja mpya, kumbuka TBS, shirika la viwango, walipima yale ya zamani.

Vijana wangu wanaona vifuniko vinavuja, wananyamaza. Nifukuze?

Aliyesimamisha kazi mara ya mwisho ulimfanyaje? Mimi nilimkata posho kijana aliyesimamisha ujazaji, kisha nikarudishiwa katoni tisa zinazovuja. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa Toyota, alikuwa na mtambo wa kufumia unaojisimamisha uzi ukikatika. Mtambo wako ni vijana hao, una macho na mdomo, na wewe umeuziba. Kesho asubuhi waambie: kifuniko kikivuja, kazi isimame, na posho haiguswi. Halafu usiiguse.